Maji ya Kupelekwa Chuoni

Wewe umewahi kubeba maji kwa kuyaficha, kana kwamba umeiba? Amondi aliyabeba hivyo asubuhi moja ya ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba, mvua iliyonyesha mpaka watu wa Kawangware wakasahau rangi ya viatu vyao.

Alikuwa akifua nguo kwa Wakarima, mke wa Mzee Waithaka mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha. Kipande cha sabuni alikuwa amekitia ndani ya soksi kuukuu kisiyeyuke haraka. Mbele yake kisima, kimefunikwa kwa mabati na jiwe juu. Nyuma ya kisima, karibu kabisa, vyoo vya wapangaji, vimejaa. Mvua ikishika, Mzee Waithaka hutuma watu watoboe shimo upande wa chini ili uchafu ujiendee na maji ya mvua. Hakuna anayeshangaa. Ploti zote zinafanya hivyo, kwa sababu gari la kunyonya choo ni ghali na choo hakingoji.

Osewe, mume wake, alikuwa haruhusiwi kukanyaga hapo. Alikuja mara moja tu, akasimama kati ya choo na kisima, akatazama mteremko, akawaambia wapangaji kwamba wanakunywa choo chao wenyewe. Mzee Waithaka alimshika mkono taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni, akamfikisha getini.

"Injinia," alimwambia, "hapa si kwa serikali. Ukirudi, mkeo, Mama Risper, atafute nguo za kufua kwingine."

Ndiyo maana chupa ilikuja na Amondi, chini ya mashuka. Ilikuwa chupa ya glasi kutoka maabara ya chuo kikuu alikosoma Osewe, ya kuchukulia maji ya kisima yakapimwe. Osewe alimfundisha jioni nzima, mpaka mtoto wao Risper akawacheka.

"Nawa mikono. Usiguse mdomo wa chupa. Kizibo usikiweke chini. Uchafu kidogo tu ukiingia, kazi yangu imekwisha. Kila kitu kiwe safi, Mama Risper. Safi kabisa."

Aliyashika yote. Wakarima alipotoka kwenda sokoni, Amondi alichota maji, akayatazama ndani ya sufuria. Yalikuwa na rangi ya chai ya strungi iliyozidi maji, na kitu kama unywele kinazunguka. Haya ndiyo yawekwe mezani mbele ya maprofesa? Waseme huyu Osewe ametoka kwa mke wa namna gani? Kwao kando ya ziwa, mama yake hakumpa mgeni maji ambayo hayajapita motoni. Na ule uchafu ambao Osewe aliutafuta, Amondi aliwaza, mashine za chuo zitauona tu. Mashine si macho ya mtu. Basi akayachuja kwa leso, akayabandika kwenye stovu ya Wakarima mpaka kifuniko kikacheza, akayapoza ndani ya karai, ndipo akajaza chupa bila kugusa mdomo wake. Yaling'aa. Aliyainua kwenye mwanga, akafurahi peke yake.

Osewe alimngoja kando ya barabara na sanduku la barafu aliloliazima kwa Eddah, dada ya Amondi, muuza samaki. Lilinuka mbuta. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Zamani alikuwa injinia wa maji katika manispaa. Alikuwa na kofia ngumu ya njano na nyumba ya kazi yenye sinki. Walipopunguza wafanyakazi, alizunguka kwa makandarasi. Wao walitaka sahihi yake kwa mabomba ambayo hayakuwa chini ya ardhi. Akakataa. Akahamisha familia Lindi, kijiji cha mabanda hapo hapo jijini, chumba kimoja, akachukua zile pesa za kuachishwa kazi akazipeleka zote chuoni, kusomea mazingira, digrii ya pili.

"Mabomba nimelaza ya kutosha," alimwambia Amondi wakati huo. "Sasa nataka kujua kinachopita ndani yake."

Watu wa Lindi walimcheka. Lusweti, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa na wimbo wake. "Injinia, Risper ako darasa la nne. Wewe uko la ngapi? Mtavaa yunifomu moja?" Osewe alicheka pamoja nao, kisha akaingia ndani kusoma.

Majibu yalipotoka, alirudi akaketi kitandani na viatu vyake vya matope.

"Hakuna kitu," alisema. "Hayana mdudu hata mmoja. Maji ya kisima kile, Mama Risper! Ni kama ya dripu ya hospitali."

Amondi alikuwa akichambua mboga za sukuma. Kisu kilisimama.

"Si niliyachemsha," akasema. "Ulisema yawe safi."

Osewe hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alimtazama tu, kisha akasema, "Sikukueleza. Miaka hii yote nasoma, na nyumbani sijaeleza."

Juma lililofuata alimchukua waende kwa mwalimu wake, Daktari Kaloki, ili Amondi mwenyewe ashuhudie. Ofisi ilikuwa na zulia. Amondi alikunja vidole vya miguu ndani ya raba zake.

"Ulichemsha?" Daktari akacheka, si kwa ubaya. "Mama, wewe ni mke mzuri."

"Daktari, naomba nichukue maji mengine," Osewe akasema. "Nipe majuma machache tu."

"Bwana Osewe, yale majibu yameshatoka hapa. Chuo humwarifu mwenye kisima; Mzee Waithaka akaja kuyaomba, nikampa. Ofisi ya jiji imeshamkubalia ajenge vyumba vingine. Unataka nimpigie nimwambie nini? Kwamba mke wa mwanafunzi wangu alipika kisima?"

"Watu wanayanywa, Daktari."

"Hata jana waliyanywa." Daktari aliinuka akafungua dirisha kidogo. "Sikiliza. Jopo la kutahini tasnifu yako linakaa Jumatatu. Kuna mradi wa wafadhili unakuja, nataka mtu wa mazingira anayejua pia mabomba. Nataka wewe. Lakini ukianza kuvuruga, unarudi mwaka wa kwanza, na karo yake. Unayo?"

Amondi alitazama zulia.

Alipoenda tena kufua, alikuta mabati ya kisima yamepakwa rangi nyeupe, na juu yake herufi kubwa za bluu: MAJI YAMEPIMWA CHUO KIKUU. Maji ambayo wapangaji walichota bure sasa yalikuwa na kufuli na bei. Wakarima alimletea chai yenye maziwa, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Mzee wako ametusaidia sana," alisema. "Sasa wewe ni mtu wetu."

Nthenya, mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni. Shingo ya mtoto ilikuwa imelegea na macho yameingia ndani.

"Anahara tangu juzi," Nthenya akasema.

Amondi akasogea. "Yachemshe," akanong'ona, maana Wakarima alikuwa dirishani.

"Nini?"

"Maji. Chemsha kwanza."

"Na mafuta ya stovu utaninunulia wewe?" Nthenya alisema kwa sauti ya kusikika. "Hata hivyo si ni bwanako aliyesema ni safi? Ama alikuwa anatudanganya?"

Wapangaji wote waligeuka. Amondi alirudi kwenye karai akaendelea kufua.

Jumatatu Osewe alivaa shati alilopiga pasi mwenyewe. Mlangoni alisema atawaambia watu wa jopo ukweli. Alisema hivyo mara mbili, akienda, mpaka mvua ikammeza.

Alirudi mchana akiwa amefaulu. Lusweti alijua kabla ya Amondi, akaja na kreti ya soda na watu wa nusu ya kijiji. "Tabia yako ya kusoma imezaa, Injinia! Tutakuita nani sasa? Bwana Mazingira?" Eddah akapiga vigelegele. Risper alikaa mapajani kwa babake na soda ya machungwa.

Katikati ya kelele hizo Eddah alimwinamia Amondi sikioni. Kawangware, alisema, kwenye ploti ya Waithaka, wamembeba mtoto wa Nthenya hospitali wakiwa wamemfunika blanketi mpaka usoni. Hakujua zaidi.

Amondi alipita kati ya magoti ya wageni, akaketi kando ya mumewe.

"Uliwaambia?"

Osewe alizungusha chupa ya soda mkononi. Hakuwa ameinywa.

"Waliniuliza kwa nini pambizo za kurasa ni nyembamba," alisema. "Waliniuliza kama Mwingereza fulani nimemsoma. Wakanipa mkono." Lusweti alikuwa akiimba. Ilibidi Amondi ainamishe kichwa ili asikie. "Nilikuwa tayari, Mama Risper. Nilitaka mmoja wao tu aniulize kama mimi mwenyewe ningeyanywa."