Kamati ya Harusi na Kivuli cha Ludovic

Jumamosi ya mwisho ya Februari, kamati ya harusi ya Kelly ilikutana sebuleni kwa mama yake, Godelieve, ghorofa ya nne, mtaa wa Husby, Stockholm. Ajenda ilikuwa moja tu: tarehe. Godelieve alikuwa amekaanga sambusa tangu asubuhi na kuchemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, kwa sababu kamati isiyolishwa huahirisha mambo. Ludovic, bwana harusi mwenyewe, alipanga viti. Alimpokea kila mgeni koti kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama alivyolelewa kwao Burundi.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Mwaura, Mkenya, dereva wa basi, aliyekwisha kuozesha nusu ya Waafrika Mashariki wa Stockholm na ambaye hajawahi kunyang'anywa kipaza sauti. Katibu alikuwa Brigitha, Mtanzania, mwenzake Godelieve katika kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kelly alikaa ukingoni mwa kochi na simu yake, akijibu kwa Kiswidi maswali aliyoulizwa kwa Kiswahili.

Tarehe zilizokuwa mezani ni mbili, ya Juni na ya Oktoba.

"Tuanze na faida, ama?" alisema Mzee Mwaura.

Juni ilikuwa na joto, na ndugu wa Ubelgiji wangekuwa likizo. Lakini Juni kila Mswidi anaoa, kumbi zote zimeshikwa, na Mchungaji Évode huwa safarini. Oktoba, ukumbi wa Jordbro, ule ulio katikati ya maghala, ulikuwa wazi, na mwenyewe alikuwa tayari kupunguza bei. Hasara za Oktoba ni baridi, matope, na majani yaliyoanguka, ambayo yakilowa huteleza kuliko sabuni. Mama mmoja mwenye viatu virefu aliwahi kutoka harusini akiwa amelala kwenye ambulensi.

"Na vivuli," alisema Brigitha huku akiandika.

"Na vivuli," alikubali Mzee Mwaura. "Weka kwenye hasara."

Husby jambo hili halina mjadala, ila kwa aliye mbali lisemwe. Jua la Stockholm katika mwezi wa kumi hukaa chini, na kivuli kikisharefuka kumpita mwenyewe, hakimtii tena. Hufanya yale ambayo mwenyewe huyafanya pasipo watu. Waswidi nao wanavyo vivuli vya namna hiyo, lakini wao huviita mambo binafsi na kutazama pembeni.

"Vuli ina vivuli, jina lenyewe linasema," Brigitha alitania.

"Vuli ni mvua za kwetu, dada yangu. Hapa ni majani tu yanaanguka."

Februari nayo jua huwa chini vilevile. Wakiwa bado wanabishana, likateremka hadi usawa wa roshani, likaingia sebuleni na kuwabandika wote ukutani. Kivuli cha Mzee Mwaura kililaza kichwa juu ya usukani na kusinzia. Kivuli cha Brigitha kiliweka kalamu chini, kikainua mzee asiyeonekana, kikamtoa bafuni na kumrudisha. Watu waliendelea kunywa chai.

Ludovic alikuwa amesimama nyuma ya Kelly na kikombe. Alikipuliza kwanza chai ipoe, ndipo akampa. Ukutani, kivuli chake kilikishika kivuli cha Kelly shingoni, kikakigongesha kichwa mara mbili, bila haraka, kama mtu anayekung'uta mkeka. Kivuli cha Kelly hakikupambana. Kiligeuza kichwa kidogo, kikijiweka tayari kwa lile linalofuata.

"Sukari inatosha?" Ludovic aliuliza kwa upole.

"Ja, tack," Kelly alishukuru kwa Kiswidi.

Kalamu ya Brigitha ilisimama, kisha ikaendelea. Mzee Mwaura aliongeza sambusa moja kwenye sahani yake.

"Kikao kimeona," alisema. "Tuendelee."

Godelieve aliogopa. Akaiweka sinia chini. Marehemu baba yake Kelly alikuwa mwepesi wa mkono, na miaka ile ilimwachia ujuzi ambao hakuuomba. Mwanamume anayepiga kwa hasira, hasira humwisha, akalala. Hiki cha ukutani hakikuwa na hasira hata chembe.

Mzee Mwaura alisema kwamba, kwa mtazamo wake, Juni ilikuwa imeshinda. Harusi ifungwe mchana, jua likiwa juu, kila mtu kivuli chake kikiwa chini ya kiatu, hakina nafasi ya kufanya lolote. Wajumbe waliitikia. Ludovic pia aliitikia.

"Na mimi naona Juni ni heri, wazee wangu," alisema. "Asanteni kwa kutufikiria."

Godelieve akamwita binti yake jikoni, eti amsaidie vikombe.

"Kelly, mwanangu. Umeona?"

"Mamma, det är bara en skugga."

Kivuli tu. Radiata ya kupasha nyumba joto ilikuwa inachemka, dirisha limejaa mvuke, lakini Kelly alikuwa ameivuta mikono ya sweta hadi kwenye kucha. Godelieve akanyoosha mkono amguse, Kelly akarudi nyuma hatua moja. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili mama yake asikie vizuri:

"Ukisema mbele ya watu, utakuwa umeniaga. Sitakanyaga hapa tena."

Akabeba vikombe, akatoka.

Godelieve alibaki ameshika ukingo wa sinki. Alimjua mtoto wake. Maneno yale hayakuwa ya kutishia. Akisema, atampoteza kwa kusema. Akinyamaza, atampoteza kwa njia nyingine, na ile aliiogopa zaidi. Ndipo akili ikamjia, na ilimjia kwa ujanja, kama akili za waoga zinavyokuja. Yeye hawezi kusema. Lakini Oktoba yaweza kumsemea. Jua la chini, ukuta mweupe wa ukumbi wa Jordbro, watu mia mbili wenye macho, na Mchungaji Évode ambaye kamwe haruki ile sehemu ya kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Penye wengi hapaharibiki neno. Hata akipatikana mmoja, atatosha.

Akarudi sebuleni, na mwanamke ambaye katika vikao vyote alikuwa wa kumimina chai akaomba nafasi ya kuzungumza.

"Mimi nataka Oktoba," alisema.

Akawaeleza habari ya bei ya ukumbi. Akawaeleza kwamba pilau ya watu wengi haichachi kwenye baridi, kwamba mchungaji atakuwepo, kwamba suti za wanaume hazinuki jasho. Alizungumza haraka, na Brigitha akamtazama kwa muda mrefu.

"Na vivuli je, Mama Kelly?"

"Viwepo. Nani hapa hana kivuli?"

Walipiga kura, na kamati, ambayo ilikuwa imeona kila kitu, ilishawishika na punguzo la ukumbi. Ludovic akamshukuru mama mkwe kwa mikono miwili. Viganja vyake vilikuwa laini na vya moto, na Godelieve alienda kunawa.

Kiangazi kilikuja, vivuli vikafupika, hofu yake haikufupika. Ludovic alikuja kila Jumapili na maua, halafu Jumapili zikaanza kurukwa, halafu Kelly akawa anapiga simu badala ya kuja, akiongea kama mtu mwenye msikilizaji pembeni. Godelieve alimwendea Mchungaji Évode na kumweleza alichokiona ukutani. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho. Akasema kanisa lina taratibu zake, na kwamba siku yenyewe atauliza hadharani, na mwenye neno atalisema. Godelieve alitoka pale amefarijika kidogo. Kina mama wa maharusi wote humwomba Mungu azuie mvua kwa ajili ya nguo na nywele. Yeye aliomba jua kwa sababu yake mwenyewe.

Siku ya harusi ilianza na wingu zito, akakata tamaa. Alasiri likapasuka. Jua likashuka kati ya maghala ya Jordbro, likapita juu ya malori yaliyoegeshwa, likaingia kwa dirisha kubwa la ukumbi na kuutandaza umati wote kwenye ukuta mweupe, nyuma ya mchungaji.

Ludovic alikuwa amependeza. Alipomfunulia Kelly shela aliikunja taratibu, kama kitu cha kuvunjika, na wageni wengine wakalengwa na machozi. Ukutani kivuli chake kilikuwa kazini. Kilikiburuta kivuli cha Kelly kwa nywele kutoka upande mmoja wa ukuta hadi upande wa pili, kikakiinua, kikaanza upya. Ukumbi mzima ulitazama. Mtoto mmoja aliuliza kwa Kiswidi kwa nini yule anapigwa, akapewa peremende. Kila pigo liliposhuka, vivuli vya kina mama wa safu za mbele viliinama kwa pamoja. Wenyewe walikaa wima, vilemba vyao sawasawa.

"Kama kuna mwenye pingamizi," alisema Mchungaji Évode, "aseme sasa, au anyamaze milele."

Akageuka, akautazama ukuta, akasubiri. Alisubiri kuliko desturi; kwa hilo lazima asifiwe. Godelieve alimtazama Brigitha, naye Brigitha alikuwa akitazama mikono yake. Aliwatazama wajomba wa Ludovic, na wajomba walikuwa wakitazamana. Kila mtu alikuwa akimngoja jirani.

Mzee Mwaura akasimama.

Asante, Mungu wangu, Godelieve alisema moyoni. Asante, asante. Mzee Mwaura alifunga kifungo cha koti, akapita pembeni ya viti kwa heshima ya mwenyekiti, akafika dirishani na kuvuta pazia.

"Jua linawaumiza maharusi macho," alisema.

"Amina," watu waliitikia, wengine wakavuta pumzi.

Taa zikawashwa. Lakini pazia lilikuwa fupi kidogo, au mzee hakulivuta vya kutosha, na upande wa safu ya mbele ukabaki ufa. Mstari wa jua uliingia kwa ufa huo, upana wa mkono wa mtu, na ukutani ndani ya mstari huo mkono ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka. Kelly akageuza shingo, akamtazama mama yake moja kwa moja. Godelieve aliyatafuta macho yale hadi ndani, na hakuweza kujua kama mtoto alikuwa anamsihi anyamaze au anamsihi aseme.

Brigitha akamwinamia sikioni. "Mama Kelly," alinong'ona, "wewe ndiye uliye karibu."

Godelieve akainuka. Watu mia mbili waligeuza nyuso kwake. Mchungaji Évode akasita, kinywa wazi, tayari kusikiliza. Alitembea hadi dirishani. Kitambaa kilikuwa na joto la jua, na kizito kuliko alivyodhani, na alikishika kwa mikono miwili.

Akalivuta pazia hadi mwisho, ufa ukazibika. Nyuma yake vigelegele vikalipuka, na Mchungaji Évode akatangaza kwamba hakuna pingamizi.