Maji ya Moto kwa Samaki Mbichi

Macho ya samaki yule yalikuwa bado yanang'aa nilipommwagia maji ya moto. Nilimwaga birika nzima, nikafunika sufuria, nikaweka jiwe juu ya kifuniko ili mvuke usitoroke, kisha nikakaa kwenye kibao changu, nimeridhika kabisa. Nilikuwa bibi harusi wa siku nane. Nilikuwa pia, leo naweza kusema bila haya, mjinga wa kutupwa.

Msinicheke kwanza. Mimi nilizaliwa kijijini Wamaza, kule Kabambare, na kwetu samaki alifika mgongoni mwa wachuuzi, amekaushwa kwa moshi, mweusi, mgumu, amejikunja na kung'ata mkia wake mwenyewe. Samaki wa namna hiyo usipomwogesha maji ya moto humli. Unamwagia, unafunika, unasubiri kivuli kisogee ukutani, unaosha tena, ndipo anaingia kwenye mawese pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu vilevile. Vijito vyetu vilikuwa na visamaki vya kuchezea watoto tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba samaki ana maisha mengine kabla ya moshi.

Kasongo, nilikoolewa, mambo yalikuwa mengine. Enzi zile za Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, wavuvi wa Kigenya walivua mto Lualaba alfajiri, na jua halijawa kali samaki walikuwa tayari sokoni, wamefunikwa majani mabichi. Ijumaa ile Alimasi, mume wangu, hakungoja soko. Alipanda baiskeli mpaka mtoni, akarudi na samaki mmoja mweupe, mrefu kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, akanikabidhi uani mbele ya mama yake. Nilipompokea, yeye hakumwachia mkia mara moja.

Alikuwa na sababu. Alimasi alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na kongé yake, likizo ya mwaka, ilikuwa imekwisha. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, kamio, lori la machimbo, ingemrudisha. Swali lilikuwa moja tu: atarudi na mimi au peke yake? Mama yake, Binti Abdallah, alikuwa na sharti ambalo hata mashehe wa mji hawakuthubutu kulijadili. Mke haondoki katika nyumba ile kumfuata mumewe mpaka apike samaki mzima, amlete akiwa mzima kwenye sinia, kichwa kikimtazama mama wa nyumba. Akipika vizuri, masanduku yake yanatolewa nje. Akiharibu, anabaki kujifunza mpaka kongé nyingine, yaani mwaka mzima. Mke wa kaka yake Alimasi alibaki kwa sababu ya chumvi tu.

Na mimi nilimpenda Alimasi. Siku nane tu, lakini nilishampenda mpaka nikawa natambua kengele ya baiskeli yake kati ya kengele zote za mtaa. Mwaka mzima bila yeye niliuona mrefu kuliko barabara ya Kabambare wakati wa mvua.

Basi kivuli kilipofika pale nilipokitaka, niliondoa jiwe, nikafunua sufuria.

Ole wangu. Ngozi ilikuwa imebanduka yote. Nyama imeachana na mifupa, inaelea vipande vipande katika maji meupe kama uji wa mgonjwa. Nilijaribu kumwinua kwa mikono miwili, kichwa kikabaki kushoto, mkia ukabaki kulia, na katikati yote yakarudi majini. Nilimrudisha taratibu na kufunika, kana kwamba nikifunua mara ya pili nitamkuta amejiunga.

Wakati huohuo akaingia wifi yangu Mwavita kuchukua chungu cha maji ya kunawa. Mwavita hakunitakia mabaya, ila hakuwa na haraka ya kuniona nikiondoka, maana nilitwanga mpunga vizuri. Alifunua sufuria kabla sijamzuia. Akatazama. Akanitazama mimi. Akatazama tena.

"Mutoto wa Wamaza," akasema polepole, "unamuogesha samaki aliyetoka mutoni?"

Kisha akakaa chini, chini kabisa, kwenye majivu, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mimi nililia. Lakini kicheko cha Mwavita kilikuwa cha kuambukiza, na baada ya kitambo nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na yeye ananipigapiga mgongoni akiniomba ninyamaze, tusisikike. Wanaume walikuwa msikitini. Hawangekawia.

Nikiwa napangusa pua ndipo nikakumbuka uyoga. Kwetu mvua za kwanza zikinyesha, mama yangu hauweki uyoga chunguni, kwa sababu unavunjika. Anaufunga katika majani ya ndizi na kuulaza kwenye makaa. Ndani ya jani, kitu kilichovunjika hakimwaibishi mtu. Nilimwomba Mwavita aniletee majani. Alikwenda akicheka, akarudi akicheka, lakini aliyaleta.

Niliyapitisha majani juu ya moto mpaka yakalainika na kubadilika rangi. Nyama ya samaki nikaichuja, nikatoa mwiba mmoja mmoja kwa vidole, nikakamulia ndimu mbili, chumvi, kitunguu kilichokatwa chembamba, pilipili moja, na mawese kijiko kimoja tu cha kuitia rangi. Nikafunga mafungu sita, nikayakaza kwa nyuzi za mgomba wenyewe, nikayapanga kwenye makaa yasiyo na ndimi za moto. Harufu ilipoanza kutoka, Mwavita aliacha kucheka, akanusa.

"Eh," akasema. "Eh, bibi harusi."

Wali nilikuwa nao tayari. Waliporudi kutoka msikitini, nilibeba sinia, nikaiweka mkekani mbele ya Binti Abdallah. Wanaume walikaa barazani wakingoja, kwa sababu siku hiyo wa kwanza kuonja alikuwa yeye. Alisema bismillahi, akafungua fungu la kwanza, mvuke ukampanda usoni. Akala tonge moja. Akala la pili. Akaniangalia kwa jicho ambalo nilidhani ni zuri, moyo ukaanza kunitulia.

Kisha akafungua fungu la pili. Akafungua la tatu. Alikuwa anatafuta kitu.

"Kichwa iko wapi?"

Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeokoa ladha, nikasahau sharti lenyewe. Nilimwona Alimasi kule barazani ameinamisha uso, anachora kwa kidole kwenye vumbi. Ningeweza kusema paka amekichukua, na Mwavita, Mungu ambariki, alishafungua mdomo kusema hivyohivyo. Nikamtangulia.

"Iko ndani ya maji, mama. Nilimumwagia maji ya moto, akavunjika wote. Sikujua. Kwetu samaki anafika mukavu."

Binti Abdallah alirudi kwenye sinia, akamaliza fungu la kwanza lote bila kuniangalia tena, akanawa mikono, akainuka na kuingia chumbani kwake. Mwavita alitazama dari. Nilianza kuhesabu miezi kumi na miwili kimoyomoyo, nikafika wa nne nikashindwa kuendelea.

Alipotoka alikuwa amebeba kapu kubwa lililofungwa kwa kamba. Alilitua magotini mwangu. Lilikuwa zito, na harufu yake niliijua tangu ningali tumboni mwa mama yangu. Moshi.

"Kule Salamabila hakuna Lualaba," akasema. "Mutakula samaki mukavu tangu Januari mpaka Desemba. Hiyo kazi, nimeona, unaijua vizuri." Akageuka upande wa baraza. "Alimasi, toa masanduku ya bibi yako."

Alimasi alitoka mbio mpaka akasahau kiatu kimoja.

Kongé iliyofuata tuliporudi, Binti Abdallah alinisimamisha karibu naye jikoni na kunionyesha kila kitu kwa mikono yake. Unamchanja samaki pande zote mbili, unamsugua chumvi na ndimu, unamweka mbali kidogo na makaa, humgeuzi zaidi ya mara moja. Au unamtia katika maji machache yenye nyanya na kitunguu, na mchuzi ukichemka tu, unamwepua. Samaki mupya, aliniambia, hataki maneno mingi. Ila siku alipotaka kula kwa raha, aliniita chumbani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina haraka, na kama kuna majani ya ndizi. Mwiba mmoja mmoja alitaka niutoe mimi mwenyewe.

Sasa mama wa nyumba ni mimi, na sharti sikulifuta. Mke wa mwanangu wa tatu amefika juzi kutoka Kabambare. Nimemkabidhi samaki asubuhi hii, mweupe, macho yanang'aa, na nimemwambia sitamsaidia chochote. Halafu nimechukua birika ya maji ya moto, nimetoka nayo barazani, na hapa nilipo nimeishikilia magotini.