Vikombe vya Makaburini

Tangu aje Marekani, mjini Haltom City, Bibi Ndeshi alikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye mchana: Charlotte, mzee Mmarekani mweusi wa nyumba ya pili. Joyceline, bintiye Ndeshi, nesi, aliondoka kila alfajiri. Mjukuu akisalimiwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, kisha akajifungia chumbani.

Kwa Kiingereza cha kuokoteza na ishara za mikono, wazee hao walielewana. Charlotte alimsimulia jinsi babu wa babu yake, utumwa ulipokwisha, alivyotembea kutoka Alabama kuja magharibi kutafuta ardhi isiyo na bwana.

"Akakuta wenyeji wa asili wamefukuzwa, na wazungu wameshazungushia seng'enge. Wetu wakapata kipande kando ya kijito. Leo yamebaki makaburi tu."

Kila mwezi Charlotte aliyatembelea peke yake. Watoto wake waliishi mbali, Houston.

Charlotte alipolala na mafua, Ndeshi akaona amsaidie, akashuka mwenyewe hadi makaburini kando ya kijito. Kwao Marangu kaburi hufagiliwa likang'aa. Akafagia majani, akaokota vikombe vyenye ufa, makombe ya baharini, taa isiyo na utambi, vyote akavitia kwenye mfuko. Akaupeleka kwa Charlotte kumwonyesha alivyosafisha, akitabasamu.

Charlotte alichungulia ndani.

"Wazee wetu hawakujua kuandika, Ndeshi. Kikombe cha mtu juu ya kaburi ndicho kilichokuwa jina lake. Kwa nini hukuniuliza?"

Akaupokea mfuko, akafunga mlango.

Siku tatu kiti cha barazani kwa Charlotte kilikaa kitupu.

"Mama, si umwambie tu sorry?" alisema Joyceline.

"Hiyo hata aliyekukanyaga mguu anasema."

Sebuleni kulikuwa na chungu cha ua ambalo Joyceline alilinunua kama pambo. Ndeshi alilijua: isale, jani la kuombea msamaha Uchagani. Akakata moja, akalifunga fundo, akasimama nalo mlangoni kwa Charlotte bila kubisha hodi, hadi miguu ikamuuma.

Mlango ukafunguliwa.

"Na hilo, ni taka gani tena?"

"Kwetu, anayeletewa hili hakatai kusamehe."

Charlotte aliligeuzageuza jani. Halafu akachukua mfuko wa vikombe na fimbo yake, wakaongozana.

Makaburini alikipata mara moja kikombe cha bluu cha babu wa babu yake, akakirudisha kaburini pake. Vinne vingine alivikumbuka. Cheupe chenye ua jekundu alikishika muda mrefu.

"Huyu simjui tena."

"Nipe mimi," alisema Ndeshi. Akakiweka penye majani, juu ya kaburi lililobaki bila kikombe, akaketi kando yake. "Nitakuwa nakuja kukaa naye."