Kilango cha Moyo wa Milembe

Tangu alfajiri Evalina hatulii. Anakaa, anainuka, anarudi kuweka kiganja kifuani kwa binti yake Milembe, aliyeegemea gunia la pamba kwa kuwa akilala chali pumzi inakatika. Moyo unakwenda mbio, unajikwaa, unakwenda tena. Miguu imevimba, ukibonyeza, shimo linabaki.

"Bwana Mungu, ushikilie moyo huu," alisema, akachungulia barabarani. Lori la mnunuzi wa pamba, hawa wapya wa binafsi waliokuja baada ya ushirika kulegea, lingepita saa nne kwenda Mwanza. Barua ya tabibu ilisema hospitali ya Mwanza, tena leo.

Akaingia shemeji yake Shigela na mfuko wa pembe za kuumikia.

"Ng'wangaluka, shemeji," alisalimu. "Mlaze nimtoe damu."

"Tunasafiri."

"Moyo unahangaika kwa sababu damu imezidi. Ikipungua utatulia. Hata kaka yangu nilimuumika."

"Ulimuumika. Nami nikamzika."

Milembe akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Evalina akatoka, akarudi na bomba la kunyunyizia dawa pamba, lile lililokwisha mpira wa ndani. Akalijaza maji. "Piga."

Shigela akapiga. Mpini ulikwenda, maji yakarudi ndani, mdomoni yakatoka matone.

"Tabibu kaniambia moyo ni hivi. Unabana, damu inaondoka. Unaachia, inaingia nyingine. Kuna vilango vya kuizuia isirudi nyuma. Kimoja cha Milembe hakifungi. Damu inarudi, moyo unafanya kazi mara mbili, maji yanashukia miguuni." Akamwaga nusu ya maji. "Haya, nimepunguza. Piga tena."

Matone yaleyale.

"Mtu si bomba, shemeji," Shigela alisema, ila kwa sauti ndogo. "Akifia njiani, ukoo utasema ulimnyima mkono wangu."

"Ukoo utasema." Evalina alijua hata maneno yenyewe, na nani angeanza. Honi ikalia.

Shigela aliitazama mifuko yao miwili ya safari, akaweka pembe chini. Akambeba Milembe kama mtoto mpaka kwenye lori, akamketisha mbele. "Dereva, mashimo uyapite taratibu. Nitakuuliza ukirudi."

Lori likaondoka. Evalina, kando yake, alishika kifundo cha mkono wa binti yake.

"Mama, unanibana."

"Nyamaza. Nahesabu."