Nani Anasimama Naye?

Kanisa letu si kubwa. Bati linavuja upande wa kwaya, meza ya madhabahu ilichongwa na seremala kabla hajaijua kazi yake vizuri, na spika ina kikohozi kisichopona. Lakini jina lake linatutangulia kila mahali. Ukienda kuomba chumba cha kupanga, mwenye nyumba anakuuliza, "Wewe si wa kanisa lile la kusimama?" Ukiitikia, uso wake unalainika, halafu anauliza la pili, lenye uzito: "Na wewe, walisimama nawe?"

Ndiyo desturi yetu. Mtu akitaka kazi ya kuaminiwa, awe mlinzi, yaya au mtu wa kukaa na wazee, anakwenda mbele Jumapili baada ya mahubiri. Mchungaji anauliza, "Nani anasimama naye?" Anayemjua, anayeweza kulala usingizi akikumbuka kwamba mtu yule yuko kazini, anasimama. Asiyemjua anakaa, wala halaumiwi. Wa nyumbani kwake ndio huanza, kwa sababu ndio wanaomwona asubuhi kabla hajanawa uso. Wa nyumbani wakikaa, kanisa zima linakaa. Na ukisimama na mtu akaenda kuharibu, ni wewe utakayevaa nguo zako nzuri kwenda kwa tajiri wake kuomba radhi.

Waajiri wasiojua hata ubeti mmoja wa nyimbo zetu hutuma mtu kuja kuuliza. Mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo, mama mmoja mkali ambaye si wa dini yetu, aliwahi kuniambia tukiwa kwenye foleni ya mkate, "Mungu wenu mnamjua wenyewe. Mimi najua viti vyenu tu. Nani alikaa, nani alisimama."

Watu hudhani ni raha kuwa na jina kama hilo. Mimi nafua mashuka hospitalini, na nawaambia jina jema ni kama shuka jeupe: wanaolisifu ni wanaolilalia, si wanaolifua. Nikitoka zamu mgongo unanidai haki yake, na bado nina kikao cha akina mama, zamu ya kufagia kanisa, na jirani anayenisimamisha njiani kuniuliza kama binti fulani anafaa kulea mtoto. Siku nyingine natamani niwe wa kanisa lisilojulikana na mtu, ambako ningesinzia kwenye mahubiri bila mtaa mzima kuyumba.

Mdogo wangu, anayenifuata mimi, mtaa mzima unamwita Dereva. Jina hilo lilimpata alipokuwa akiendesha lori la saruji, na likamng'ang'ania hata baada ya kulitumbukiza lori mtaroni akiwa amelewa chakari. "Mimi sikuumia, mtaro ndio ulioumia," alikuwa akisimulia, nasi tukicheka, maana Dereva akikusimulia hata msiba utaucheka. Baada ya hapo hakuna aliyempa usukani tena. Alirudi kukaa nasi, mimi na Mama, katika vyumba viwili ninavyopanga. Akaanza kusali. Akaacha pombe, na simsingizii, aliacha kweli. Mashavu yakamjaa, akawa anamchotea Mama maji na kumsomea Zaburi kila jioni. Siku moja nilimkuta anaimba peke yake huku akifua soksi. Nilijifungia bafuni nikalia kwa furaha.

Kisha shule ya yule mama mkali ikahitaji dereva wa gari la watoto. Akasema anamtaka mtu wa kanisa letu, na kanisa likasema Dereva atakwenda mbele Jumapili. Mama alipiga kigelegele hadi mpangaji wa pili akachungulia kuona nani anaolewa.

Ijumaa nilirudi jioni nikamkuta Dereva jikoni akimenya viazi, anamung'unya peremende. Nilipoinama karibu yake kuchukua sufuria, nikaisikia harufu.

"Umekunywa."

"Dada, shikamoo kwanza."

"Umekunywa wewe!"

Akaweka kisu chini. "Kidogo tu. Ni woga. Watu wote wale kunikodolea macho, dada, mikono inatetemeka. Nilitaka itulie."

"Mwambie mchungaji unahitaji muda. Jumapili usiende mbele."

"Na nafasi ikienda?"

"Iende."

"Nikiipata kazi hii naacha moja kwa moja. Kinachoniponza ni kukaa bure. Unanijua."

"Nakujua, ndiyo shida. Wale ni watoto wadogo. Wengine hata kamba za viatu hawajui kufunga."

Alinitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika ningepata pa kumshikia. Akachukua tena kisu chake na kiazi chake. "Utasimama," akasema kwa upole. "Damu nzito kuliko maji."

Sikumwambia Mama. Kesho yake nilikwenda kanisani, nikamkuta mchungaji juu ya ngazi akiziba bati, misumari imejaa mdomoni.

"Mchungaji, tunahubiri msamaha au hatuhubiri?"

Akaitoa misumari. "Tunahubiri."

"Basi mtu akiwa ameteleza juzi tu, ukisimama naye, si ndiyo msamaha wenyewe?"

Alishuka polepole akakaa kwenye kidato cha chini. Naye amechoka, yule mzee. Amezika, amefungisha ndoa, amesuluhisha, na bado anapanda ngazi mwenyewe. "Kumsamehe unaweza hata ukiwa umekaa," akasema. "Kusimama ni kuwaambia watu wengine wamkabidhi roho zao. Ni nani huyo?"

"Hakuna."

"Haya." Akarudi juu ya bati lake.

Nilimkasirikia njia nzima. Nilitaka anikataze au aniruhusu, yeye akanirudishia mzigo wangu mwenyewe na kuuweka vizuri zaidi kichwani. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na mdogo wao anayeimba akifua soksi.

Jumapili Dereva alivaa shati nililompa zawadi, lile la buluu. Alikwenda mbele akasimama karibu na meza, mikono ameifungia nyuma. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe siku hiyo, amekaa benchi la mwisho, mkoba mapajani. Mchungaji akauliza, "Nani anasimama naye?"

Nilisikia mabenchi yakilia kidogo, watu wakijiweka tayari. Walikuwa wanatungoja sisi. Dereva alikuwa ananitazama mimi, si Mama, na alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la kabla ya kusimulia kichekesho. Miguu yangu ilitaka kusimama. Nasema kweli, ilitaka yenyewe. Niliikaza sakafuni.

Mchungaji akauliza tena.

Ndipo Mama akanishika mkono. Magoti yake hayamwinui tena, kila anaposimama ni mimi ninayemvuta, na alininyooshea mkono kama siku zote. "Niinue," akasema.

"Mama, kaa."

"Niinue, mwanangu. Wewe kaa. Mimi niinue."

Niliinama sikioni mwake. "Mama, amekunywa juzi."

"Najua," akasema. "Nimekaa na baba yenu miaka yote ile, nitashindwa kujua? Niinue."

Alijua. Tangu Ijumaa alikuwa anajua na kumeza kama mimi, tumelala chumba kimoja kila mtu na siri ile ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na alikuwa tayari kusimama mbele ya Mungu wake na mbele ya yule mwalimu kusema lisilo kweli kwa magoti yasiyoweza hata kumbeba. Kama angeinuka, kanisa zima lingeinuka nyuma yake, maana nani angekaa Mama akiwa amesimama? Alijaribu. Alivuta mkono wangu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Niliushika kwa mikono miwili, sikuuvuta. Niliubana mapajani mwangu hadi alipoacha.

"Asante, mwanangu, unaweza kukaa," mchungaji akamwambia Dereva, kwa sauti ya chini. Dereva hakurudi kwenye benchi. Alipita katikati yetu, akaupita mlango, na kwaya ikaanza wimbo kabla haijaambiwa.

Nyumbani tulikuta ameacha ufunguo mezani na shati la buluu limekunjwa. Tumesikia yuko mji mwingine, anapakia mizigo stendi. Wengine wanasema anakunywa, wengine wanasema hanywi. Simu yangu hapokei, ya Mama nayo hapokei.

Na kanisa? Kanisa limepata sifa ambayo halijawahi kuwa nayo. Habari ilifika sokoni kabla sisi hatujafika nyumbani. "Hata dada yake hakusimama!" Shule ilichukua dereva mwingine kutoka kwetu, baba mmoja mpole, na yule mwalimu mkuu alinishika mkono barabarani akaniambia sasa ndiyo anaamini. Hospitali inachukua wafagiaji kwetu. Wenye nyumba hawaulizi tena la pili. Wananiita mtu wa kweli, na vijana wanaotaka kwenda mbele huja kwanza kunisalimu kwa woga. Nawaitikia. Nina hakika nilifanya sawa, nami nimechoka na hakika hiyo kuliko nilivyowahi kuchoka na kitu chochote.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Tunakula pamoja, ananiombea kila usiku, ananiuliza habari za kazi. Ila asubuhi akitaka kutoka kitandani hanyooshi mkono tena. Anashika mguu wa meza, anajivuta, anashindwa, anapumzika, anajivuta tena. Mimi nakaa kwenye kitanda changu upande wa pili wa chumba, nimeshavaa sare ya kazi, namngoja aniite. Haniiti.