Saa Kumi na Mbili na Robo

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nikichokozwa, kidole hutangulia akili. Lakini siku ile, haki ya Mungu, nilikuwa na sababu.

Ninauza vifaa vya ujenzi hapa Voi: nondo, misumari, saruji, mabati. Kutwa nzima naulizwa, "Mama Mumo, hii bei gani?" Ndiyo maana nalipenda kundi letu la WhatsApp, Jua na Nyota. Huko watu huulizana kwa nini. Kwa nini mwezi hauanguki? Kwa nini huwezi kugawa kwa sifuri? Niliacha shule kidato cha pili, lakini huko nabishana na Mwalimu Donald wa Mghange, aliyefundisha fizikia miaka thelathini, na kuna siku namshinda. Kundi lina sheria moja: Kiswahili tu. Sheria hiyo niliileta mimi mwenyewe.

Mwezi wa Agosti nilianza kutazama kivuli cha nguzo ya duka langu kila adhuhuri. Kilielekea kusini, upande wa Sagalla, na kila wiki kilizidi kufupika. Nikapiga hesabu kwenye mifuko mitupu ya saruji: jua linahama kusini kiasi gani kwa siku, na Voi iko mbali kiasi gani na ikweta. Jibu lilinifanya niruke. Kuna siku kivuli kitapotea kabisa! Saa ya kivuli kifupi zaidi nikaiandika kama simu inavyoiandika, nikatuma kundini: "Tarehe 1 Oktoba, saa 12:15, nondo iliyosimama wima hapa kwetu haitakuwa na kivuli."

Vicheko vikamiminika. Mwandawiro, mwendesha bodaboda wa Sagalla, akaandika, "Mama, saa hiyo kivuli changu hufika Taveta!"

Mwalimu Donald akauliza, "Saa 12:15? Una uhakika, Mama Mumo?"

Nikaona wananidharau kwa kidato changu cha pili. "Uhakika wote," nikajibu. "Nikikosea natoka kundini, na sirudi tena!"

Siku ikafika. Asubuhi nafungua duka, nakuta ujumbe arobaini. Picha za fito, kila fito na kivuli cha kuvuka barabara. "Saa kumi na mbili na robo imepita," Mwalimu alikuwa ameandika. "Vivuli tunavyo, tena vya kugawana. Unasemaje?"

Nilisimama na kufuli mkononi. Nani hupima kivuli cha adhuhuri jua likichomoza? Halafu nikaisoma ile "saa 12:15" yangu kwa Kiswahili, polepole. Lo! Simu huhesabu kizungu, kumi na mbili yake ni sita yetu ya mchana, nami nilikuwa nimeinakili vile vile.

"Nilimaanisha saa sita na robo!" nikaandika.

"Na sheria ya Kiswahili aliileta nani?" akajibu Mwalimu, kundi zima likacheka.

Hapo nikawaka. Nikabonyeza "ondoka", nikaondoka. Hasira hasara: kufika saa tatu nilishajuta. Nilimpa fundi misumari ya mabati badala ya ya mbao, na kila simu ilipolia niliruka. Lakini ningerudije, na nilishaapa? Nilikaa kwenye kaunta kama mtu aliyefiwa.

Saa sita ilipofika nikatoa kipande cha nondo cha mita moja, nikakisimika kwenye ndoo ya mchanga, nikakinyoosha wima kwa kamba ya timazi. Kivuli kilikuwa upana wa kiganja. Kikawa vidole viwili. Kikawa kimoja. Saa sita na robo, hakuna! Nondo imesimama juani na haina kivuli hata cha kumficha sisimizi. Nikapiga vigelegele. Mpita njia akaniuliza kama nimepata mjukuu. Nilicheka, kisha nikakumbuka sina wa kumwonyesha.

Simu ikalia, ya video. Alikuwa Mwalimu Donald, shambani kwake Mghange, kofia imekaa upande.

"Mama Mumo, tazama hapa chini ya fito! Hakuna kitu! Miaka thelathini nimefundisha habari za jua, na sijawahi kutoka nje kutazama!"

"Umetoka kufanya nini, na mimi nilishashindwa?" nikamuuliza, bado nimenuna kidogo.

"Nilikuwa nakutania, mama, wewe ukatoka! Tangu asubuhi nimekaa na hesabu yako, hata chai sijanywa. Yote iko sawa. Rudi, tafadhali."

"Niliapa."

"Uliapa kutoka ukikosea. Sasa hiyo nondo yako ina kivuli?"

Nikaitazama. Nikashindwa hata kununa.

Mara simu ikatetema: nimerudishwa kundini. Mwandawiro alikuwa ametuma picha yake kando ya pikipiki, kivuli chake chote kimejibana chini ya viatu. Chini yake, Mwalimu Donald alikuwa ameandika mbele ya watu wote: "Mwalimu Nthenya, kesho kivuli kitaelekea wapi?"

Nilisoma jina langu mwenyewe, na "Mwalimu" mbele yake, mara tatu, machozi yananitoka na meno yote nje. Kisha nikaandika bila haraka, neno kwa neno: "Kesho kitaipa Sagalla mgongo. Mpime saa sita na robo, mchana, kwa Kiswahili, wakaidi nyinyi!"