Wenyeji Wanadai

Habari ilimkuta Verdiana darasani, chaki mkononi. Karani wa idara alichungulia mlangoni, akamkonyeza, na Verdiana akaugeukia ubao haraka ili wanafunzi wasimwone anavyocheka. Ufadhili wa utafiti ulikuwa umetoka.

Chuo kikuu hakikuwahi kutoa ufadhili wa namna ile. Wahadhiri wawili wa vitivo viwili wangefanya kazi moja, wangetumia gari moja na kuandika ripoti moja. Wakubwa wa chuo walichoka kuona mtaalamu wa jamii akiandika habari za wakulima bila kuujua udongo wao, na mtaalamu wa udongo akichimba mashimo bila kuuliza shamba ni la nani. Sasa wafungwe pamoja, wasaidiane.

Mtaalamu wa jamii alikuwa Verdiana. Wa udongo alikuwa Maximilian, Mfipa mrefu, mpole, aliyeandika kila kitu kwa penseli ili apate kufuta. Mahali pa kufanyia kazi alichagua Verdiana: Mpimbwe, wilayani Mpanda, kwao. Sababu yake ilikuwa moja, na hakumficha mwenzake. Operesheni ya vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya, ilikuwa inakuja. Kitongoji cha mama yake, Kwa Lyamba, kilikaa juu ya mwinuko nje kidogo ya Usevya, na minong'ono ilisema watu wote wa miinuko watateremshwa kwenye mbuga ya bondeni, kando ya barabara.

"Tukiandika vizuri, watawaacha pale pale," alimwambia Maximilian. "Au watawapeleka mahali pa maana. Nani atagombana na utafiti?"

"Na tukiandika vibaya?"

"Wewe umewahi kuandika vibaya?"

Maximilian alicheka, akafuta kitu kwa kifutio.

Fedha zilitoka kiangazi, nao wakaenda kiangazi. Mbuga ilikuwa imekauka kama mgongo wa kenge, ina nyufa za kumeza mguu. Mama yake Verdiana, Getrude, aliwapokea kwa ugali na kambale mkavu, akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka nywele.

"Mfipa huyu ndiye analala kwangu? Leo nafunga mlango kwa ndani. Nyie watu wa Sumbawanga mnatembea na radi mfukoni."

"Radi nimeiacha chuoni, mama," alijibu Maximilian. "Nimekuja na sepetu tu."

"Haya, chimba. Ila ukichimba kwenye mihogo yangu nitakuzika humo humo."

Wakapatana tangu siku hiyo. Maximilian akachimba mashimo yake mbugani na mwinukoni, na Verdiana akapita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali. Hata mama yake mwenyewe Verdiana alimhoji kama alivyowahoji wengine, kwa maswali yale yale, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake: mtafiti hana mama.

"Je, wakati wa masika mbuga hujaa maji?"

Getrude aliacha kupeta mchele. "We mtoto una homa?"

"Jibu tu, mayo, nikuandike."

"Uniandike nini? Pale si tunalima mpunga? Umeona wapi mpunga ukiota kwenye vumbi? Si nilikubeba mgongoni maji yakiwa hapa kifuani, unalia, unadhani tumeingia ziwani? Mbugani tunalima, halafu tunapanda juu kulala. Andika hivyo."

Verdiana akaandika hivyo.

Shida ilianza walipokaa kwenye mkeka kutunga ripoti. Masharti ya ufadhili yalitaka muhtasari mfupi wa Kiswahili upelekwe mkoani, usaidie mipango. Verdiana alikuwa na fahari na Kiswahili chake, akasema muhtasari huo utaandikwa kwa mkono wake. Alipofika kwenye sehemu ya maji, Maximilian akainua penseli.

"Udongo unaonyesha kwamba maji hupita pale. Yanapanda kiasi gani, yanakaa muda gani, hayo sikupima. Nilichimba nikakuta vumbi. Siwezi kuweka jina langu kwenye kitu nisichopima."

"Mimi najua."

"Unajua kama Verdiana wa Mama Getrude. Hapa unaandika kama mhadhiri."

Maneno hayo yalimchoma, na zaidi ya kumchoma yakampendeza. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Mpimbwe kufundisha chuo kikuu. Hakutaka mtu aseme ameleta hadithi za jikoni kwa mama yake. Akashika kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Wenyeji wanadai kuwa mbuga hujaa maji wakati wa masika. Jambo hili lifanyiwe utafiti zaidi.* Juu yake yalikuwepo maneno ya Maximilian: udongo wenye rutuba, ardhi tambarare, karibu na barabara. Alisoma ukurasa wote kwa sauti. Ulisikika vizuri. Sentensi zilikuwa zimekaa sawa kama matofali.

Kabla ya mvua za kwanza walirudi Kwa Lyamba, wawasomee wenyeji matokeo, kama Verdiana alivyokuwa ameahidi. Walikuta malori yamewatangulia.

Watu walikuwa wamekusanywa uwanjani. Mgambo walisimama pembeni na virungu vyao, na mbele yao alisimama mkubwa wa msafara, ambaye watu walimwita Bwana Operesheni kwa kuwa jina lake hakuna aliyeambiwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na ukurasa mkononi. Verdiana aliutambua kabla hajaukaribia: ule muhtasari waliopeleka mkoani.

"Ndugu wananchi, hatukukurupuka," alikuwa anasema. "Mtoto wenu mwenyewe amefanya utafiti. Chuo kikuu kimesema mbuga ina rutuba, ni tambarare, iko karibu na barabara. Mnataka nini tena?"

"Na maji je?" aliuliza Damiano, jirani yao. "Au wataalamu wametufundisha kuogelea?"

Watu wakacheka. Verdiana hakucheka. Alijipenyeza mpaka mbele.

"Ndugu, maji yamo humo. Soma chini."

Bwana Operesheni akasoma chini, bila haraka. "Wenyeji wanadai." Akamtazama. "Umeandika wewe?"

"Mimi."

"Sasa wewe unadai au unajua?"

"Najua."

"Mbona hukuandika unajua?"

Verdiana alimtafuta Maximilian kwa macho. Maximilian alikuwa anatazama viatu vyake.

"Msipande!" Verdiana aliwageukia watu wake. "Msipande malori! Masika yatawakuta kule, mnajua wenyewe! Msipande!"

Mgambo wawili walimsogelea, mmoja akamshika juu ya kiwiko. Pale ndipo Getrude alipotoka kwenye kundi. Aliweka chungu chake kichwani, mkeka kwapani, akalifuata lori la kwanza akapanda, akaketi, akamtazama binti yake kwa jicho ambalo Verdiana alilijua tangu utotoni: funga mdomo, turudi nyumbani salama. Alipopanda Getrude, wengine walipanda. Damiano alipanda. Mgambo akauachia mkono wa Verdiana, kwa kuwa hapakuwa na sababu tena ya kuushika.

Verdiana aliondoka na gari la ufadhili, akarudi chuoni Dar es Salaam, akaanza kugonga milango. Kila aliyemfungulia alimkaribisha kiti. Mmoja akasema suala ni la mkoa, mwingine akasema ni la chama. Kamati ya Utafiti ya chuo ilimsikiliza vizuri kuliko wote. Ikampongeza kwa ushirikiano wa vitivo, ikasema suala la maji ni zuri sana na lingefaa kwa awamu ya pili. Verdiana alitoka na hamu ya kupiga kelele, akakuta wanafunzi kibarazani, akawasalimu, habari za asubuhi.

Masika yakaja. Hayakusubiri awamu ya pili.

Telegramu kutoka misheni ilisema mama ni mgonjwa. Verdiana alipanda treni mpaka Kaliua, akaingia ile ya Mpanda, akapata lori lililomfikisha pale barabara ilipoishia majini, kisha akavua viatu. Kijiji kipya kilikuwa ni mapaa tu yaliyochomoza majini. Watu walikaa juu ya vichuguu na mbuzi wao, mbegu za mpunga zimeota ndani ya magunia. Damiano alimpungia mkono kutoka kichuguu chake, na mara hii hakuwa na mzaha wowote.

Getrude alilazwa kwenye zahanati ya misheni, kifua kinapiga filimbi. Homa ya mapafu, sista alisema. Dawa ya sindano ilikuwa Mpanda, na Mpanda ilikuwa ng'ambo ya maji, lori la kwenda huko halikujulikana lingekuja lini.

"Mayo," alisema Verdiana, "mimi ndiye niliyeandika..."

"Nipe maji."

Akamnywesha.

"Haya ni ya kweli," alisema Getrude, akipumua kwa shida, "au nayo nayadai?"

Verdiana alicheka, halafu akainamisha uso kwenye shuka. Mama yake akamgonga kichwani kwa kidole, taratibu.

Kesho yake jioni Maximilian aliingia. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, tope limemkauka shingoni, viatu amevitundika begani kwa kamba zake. Alimsalimu Getrude kwa kupiga goti.

"Mfipa," alinong'ona Getrude. "Na sepetu lako liko wapi?"

"Limezama, mama."

Akamvuta Verdiana karibu na dirisha. "Bwana Operesheni amekushtaki chuoni. Kuchochea wananchi. Kamati inataka uende Mpanda, usimame mbele ya huyo bwana, uombe radhi, useme uliwapotosha watu. Ni hilo tu. Ukishasema, ufadhili unaendelea. Mwaka huu wangetupa vipimo vya maji, Verdiana. Vipimo vya maji!"

Verdiana aliitazama alama ya tope kifuani mwake. "Umekwisha pima."

"Usinitanie. Jina letu ni moja kwenye ule ufadhili. Ukikataa wewe, nimekataa mimi. Na wahadhiri wanaosubiri ufadhili nyuma yetu, yule wa mimea na yule wa historia waliokwisha chaguana, watafungiwa mlango. Ndivyo walivyoniambia."

"Nimesikia."

"Hata ukikataa, maji hayatoki."

"Najua."

"Wala mama hapati sindano."

"Najua, Maximilian."

"Sasa unapata nini?"

Verdiana alitafuta jibu kwa uaminifu, akageuza kila kitu kichwani, hakuona anachopata. Kitandani filimbi ya kifua iliendelea. Nje mvua ilianza tena kupiga bati. Alichukua khanga kavu kwenye msumari, akampa Maximilian ajifute. Maximilian aliishika, hakujifuta.

"Basi uniombe radhi mimi," alisema. "Mimi tu. Nimekula nyumbani kwenu. Nimetembea kwenye maji haya, na kazi yangu inakufa kwa ajili yako. Niombe radhi mimi, niondoke na neno moja."

"Niliowakosea wako juu ya vichuguu, na mmoja yuko kitandani hapa. Bwana Operesheni simwombi," alisema Verdiana. "Kamati siiombi. Na wewe, Maximilian, sikuombi radhi."